Ukoko wa Birika

Nimekaa miji mingi, na kila mji naukumbuka kwa jinsi sabuni yake ilivyotoa povu. Singida na Dodoma nilisugua hadi mkono ukachoka, nikaambulia utelezi na utando mweupe pembeni mwa beseni. Huko kote nilijiambia kwamba nyumbani Songea sabuni ikigusa maji tu, kichwa kizima kinajaa povu. Ndivyo ilivyokuwa tulipokuwa watoto. Kwa hiyo mwezi wa sita mwaka huu, nilipofika kwa mdogo wangu wa kike, asubuhi ya kwanza nilisimama bafuni nikiwa nimeduwaa. Sabuni haikutoa povu. Nilipaka tena, nikasugua tena. Nikadhani ni sabuni feki.

Mdogo wangu alicheka nilipomwambia. "Kaka, haya siyo yale maji ya milimani uliyoyaacha. Haya ya kisima."

Mtaa wao ni mpya, nje kidogo ya mji, na bomba la mjini bado halijafika. Mtu mmoja alichimba kisima kirefu kwenye kiwanja chake, akawavutia majirani mabomba. Maji hayakatiki, ni maangavu, lakini ukiyanywa yanaacha ladha ya chaki ulimini.

Sikuja kutembea tu. Mdogo wangu ana miaka thelathini na tisa, na alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Kabla ya huo alikuwa amepoteza mimba mbili. Shemeji alikuwa Madaba kwa mavuno ya mahindi, akanipigia simu niliko, akasema, "Shemeji, njoo ukae naye. Asiwe peke yake." Mimi ambaye huwa sikai mahali miezi mitatu, nilifunga begi siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga ikafa. Mwezi wa sita Songea huwezi kuoga maji ya baridi, kwa hiyo niliifunga kwenye gazeti nikaipeleka kwa fundi wa umeme karibu na soko. Fundi aliifungua, akaigeuzageuza.

"Bosi, hii siyo hita. Huu muhogo."

Ni kweli. Chuma kilikuwa kimevikwa kitu cheupe, kinene, hata mizunguko yake haikuonekana.

"Mnakaa kule kwenye kisima," akasema.

"Umejuaje?"

"Nawajua kwa hita zenu." Akagonga ule weupe kwa bisibisi, kipande kikaruka. Akanieleza kwamba maji yale yana chokaa, na yakichemka chokaa inabaki kwenye chuma. Ikiwa nene, joto halina pa kutokea, waya wa ndani unaungua. Birika la umeme nalo hivyohivyo, pasi ya mvuke hivyohivyo. "Lakini yenu imezidi. Mko wangapi nyumbani?"

"Wawili."

"Wawili? Mnaoga mara ngapi?"

Waliokuwa wakisubiri redio zao wakacheka. Fundi akanishauri nikachemshe maji yenye ndimu kwenye birika nalo kabla halijafa.

Jumapili, mdogo wangu alipokwenda kanisani, nilifanya hivyo. Nilipofunua birika nilishtuka. Chini kulikuwa na ukoko kama wa wali, mweupe, umepasukapasuka. Nilikamua ndimu nne, nikachemsha, nikaacha, nikachemsha tena. Ukoko ukaachia kwa vipande. Nilivimwaga chini ya mgomba, nikasuuza birika mpaka likang'aa, nikakaa kusubiri kusifiwa.

Alirudi, akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilisikia kifuniko cha birika kikifunguka.

"Nani kaosha birika?"

"Mimi."

"Vilivyokuwa ndani umevipeleka wapi?"

Nikamwonyesha mgomba kwa kidole. Akatoka na nguo zake za kanisani, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akachuchumaa taratibu. Akaanza kuokota. Kipande cha kwanza alikifuta kwa kanga, akakitia mdomoni, akatafuna. Nilisikia kikivunjika kwenye meno.

Katika kuzunguka kwangu kote sijawahi kuona kitu kama kile.

"Unakula nini?"

"Pemba." Ndivyo tunavyouita ule udongo wanaokula wajawazito, unaouzwa sokoni.

"Hiyo siyo pemba."

"Ni pemba, tena safi. Ile ya sokoni kila mtu anaishika na mikono yake. Hii imechemshwa."

Alisema kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu. Taratibu, huku akiendelea kuokota, akanieleza. Ukoko wa matumizi ya kawaida haukumtosha. Kwa hiyo alikuwa anachemsha maji, anamwaga, anachemsha mengine. Hita nayo anaiacha kwenye ndoo mpaka maji yapungue nusu, kisha anaikwangua kwa kisu. Ile niliyopeleka kwa fundi ilikuwa ya tatu. Mabirika mawili yalikuwa yameshakufa, na shemeji alikuwa akiwalaani wenye maduka kwamba wanauza vitu vibovu.

"Kliniki wanajua?"

"Niwaambieje? Kwamba nakula birika? Watanicheka mpaka najifungua."

Alikuwa na kliniki Jumatano. Njiani aliniomba nisiseme. Nikamwambia sitasema, na wakati natamka nilikuwa nakusudia hivyo. Nesi alikuwa mama wa makamo, tukamwamkia shikamoo, akamfunua mdogo wangu kope, akamtazama viganja. Kipimo kilipotoka akakunja uso. Damu ilikuwa imeshuka sana.

"Unakula udongo?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nesi akashika kalamu aandike. Nikawakumbuka wale wawili waliopotea, ambao hatukuwahi kuwapa hata majina.

"Anakula magamba ya birika," nikasema. "Na ya hita."

Mdogo wangu alinitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. Nilisubiri nesi acheke. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mtaa wa kisima?" akauliza. "Wewe ni wa tatu kutoka kule."

Hapo nikashtuka upya. Nilizifikiria zile nyumba tulizopita asubuhi, na birika jikoni mwa kila moja. Nesi akamweleza kwamba hamu ile mara nyingi huja damu inapopungua, na kwamba chokaa nayo inazuia dawa za damu kufanya kazi, kwa hiyo alikuwa anazunguka palepale. Akampa vidonge, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya mtu."

"Najua."

"Siyo kwamba umekosea. Ila umenivua nguo."

Siku zilizofuata nilikuwa napanda bodaboda na madumu mawili kwenda kuchota maji ya bomba la mjini, ya kunywa na ya chai. Alinipikia, akanifulia, akanijibu nilipouliza, basi. Mara kadhaa nilimkuta amefunua birika anachungulia ndani, halafu anafunika.

Wiki mbili zilipotimia nilivaa viatu nimsindikize. Tulikaa kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa. Nikainuka naye.

"Kaka, wewe subiri hapa," akasema. "Leo nasema mwenyewe."

Mlango ulifungwa. Nilijaribu kusikiliza, sikusikia kitu. Alipotoka alikuwa ameshika kadi yake kifuani.

"Nimemwambia sijaacha, nimepunguza," akasema. "Na damu imepanda. Kidogo."

Akaketi pembeni yangu apumzike kabla hatujaanza kutembea.