Basi la Llanfaen na Dakika ya Emrys Gittins

Kabla ya kuingia Bunge la Wales, Emrys Gittins alikuwa dalali wa kondoo mnadani, na alipoingia hakuona sababu ya kubadili mwendo. Jumatano ile bahati nasibu ya wabunge ilimwangukia: mjadala mfupi, ule wa jioni, kura zikiisha na wengi wakishachukua makoti yao. Hakipigiwi kura kitu pale. Unasema, waziri anajibu, mnakwenda zenu.

Emrys alitaka basi la Llanfaen lisifutwe. Olwen Bebb, mjane wa huko, hulipanda kwenda hospitali kusafishwa damu, na figo zake hazingoji sera.

Kwa desturi, mwenye mjadala huweza kumgawia mwenzake dakika moja. Chama cha Emrys kilishapanga mtu wake. Yeye akamfuata kantini Lowri Probert, wa chama tawala, akamkuta na bakuli la mchuzi wa kondoo.

"Dakika nakupa wewe."

"Mimi? Unanitegea, mzee."

"Jimbo letu ni moja, wabunge kadhaa; basi hilo ni lako pia. Bajeti yenu inapona kwa kura moja. Ukisimama wewe, waziri atakukatalia kwa mdomo gani?"

Lowri akaweka kijiko chini. "Na wewe unapata nini?"

"Basi."

"Acha utani. Na sifa?"

"Beba zote. Ila utaje Llanfaen kwa jina. Ukianza hadithi za 'usafiri wa vijijini' nakukatiza."

"Ungekuwa kwetu ungefika mbali."

"Ningekuwa kwenu ningenyamaza kama wewe."

Lowri akacheka, akakubali.

Jioni alisimama, akaitaja Llanfaen mara mbili. Waziri alikuja na jibu lililochapwa; akalitazama, akamtazama Lowri, akaliweka pembeni. Basi litaendelea mwaka mmoja, akasema.

"Mwaka wa kuanzia lini?" Emrys akadakia.

"Kuanzia siku ambayo lingesimama."

"Hapo sawa."

Nje ukumbini kiongozi wa chama chake alimngoja, uso umemvimba. "Umewapa bao la bure!"

"Si la bure. Nimeuza."

Jumamosi Olwen akampigia simu. "Gazeti limemtoa yule binti Probert, kasimama kando ya basi letu. Huyo ndiye mbunge! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulikaa tu?"

"Mwishoni, ndiyo. Jumatatu unakwenda hospitali?"

"Nakwenda. Na kura yangu nampa yeye, nakwambia mapema usije ukanuna."

"Mpe," akasema Emrys. Hesabu hiyo alikwisha kuipiga kule kantini.