Nondo Wanne wa Kimsitu Chetu

Nakumbuka siku moja ya mvua za kwanza, mwanangu, nilipokabidhiwa bahasha kumi na mbili na dada mmoja mtaalamu wa wadudu kutoka Dar es Salaam, jina lake Neema. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa kila mwenye nguvu. Mitumba ilijaa sokoni Bombambili, na Oswini, mwenye msumeno wa injini, akaomba kibali cha kukata kimsitu kilicho juu ya chemchemi yetu.

Neema alikuwa anatafuta nondo, yule mdudu wa usiku afananaye na kipepeo. Usicheke, mimi nilishacheka kwa niaba yako. Anayejulikana ni wa kuanzia pwani hadi Tunduru, ana mstari mweupe unaopita bawa zima. Lakini ilisemekana huku Songea yupo ndugu yake adimu, ambaye mstari wake umekatika katikati.

"Nikithibitisha anaishi hapa," aliniambia, "wilaya haitaruhusu msumeno."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mchana nondo hulala kwenye gome la mti wa myombo. Unamfunika kwa chupa yenye dawa, unamtia kwenye bahasha, unaandika umemkuta wapi. Darasa la nne langu lilitosha.

Wiki mbili nikapata wanne tu, wote wenye mstari uliokatika. Nikaona ni aibu. Oswini ana msumeno na lori, mimi nina wadudu wanne. Basi nilipokwenda Mbesa, kule Tunduru, kwenye msiba wa shangazi, nikakuta nondo wamejaa kwenye miti nyuma ya nyumba. Kwangu nondo alikuwa nondo. Nikajaza bahasha nane zilizobaki, na kila moja nikaandika: Songea, kimsitu cha chemchemi.

Siku moja kabla ya kikao cha kibali, Neema alizifungua mbele yangu. Alikuwa na Mzee Rashidi, mwongozaji wake kutoka Tunduru, ambaye hakuwahi kuacha kututania watu wa Songea. Mzee akainamia mezani, akasogeza bahasha moja kwa kidole.

"Huyu namjua. Mstari mzima. Huyu ni jirani yangu. Wangoni mmeanza kuiba hata wadudu wetu?"

Nilisema labda ameruka kuja huku. Mzee akazikagua zote, nane zikawa hivyo, wala hakutania tena.

"Mjukuu wangu, na hawa wanne wenye mstari uliokatika, ni wa hapa kweli?"

"Kweli, babu. Naapa, ni wa hapa."

"Sasa nani atajua?"

Neema akazirudisha bahasha kwenye boksi. Alisema bila hasira kwamba hawezi kusimama kikaoni na hata moja, maana mwandishi wa zote ni mmoja. Kutafuta wengine hakukuwezekana. Hao huruka wiki chache tu mvua zikianza, na siku zao zilikuwa zimekwisha.

Kikaoni Oswini alikwishapata habari.

"Kama nondo wa Songea wanapanda lori kutoka Tunduru," alisema, "wakikosa miti hapa si watapanda lori warudi?"

Watu wakacheka. Kasiani, mwenyekiti wetu, ambaye fremu za nyumba yake mpya zilitoka kwa Oswini, akacheka kuliko wote, kisha akatia sahihi.

Msitu ulikatwa wote. Chemchemi ilibaki tope, na mama yangu akafuata maji bondeni hadi alipokufa, mgongo umepinda. Watu huniambia niwasamehe waliohusika. Mimi nawataja: Oswini alikata, Kasiani aliuza sahihi yake. Na bahasha niliandika mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipigania jambo la haki, usilitilie nyongeza. Ukiona vinne, sema vinne, hata kama mwenzako amekuja na lori. Watu wabaya watakushinda mara nyingi, hilo sikufichi, lakini usiwape wewe mwenyewe cha kukushindia. Uongo wa kusaidia ukweli huanza kwa kuua ukweli wenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona tofauti ndogo, na mkono unaoandika kile tu macho yalichokiona. Uishi karibu na maji, na watoto wako vilevile.