Raba za Kaka Mkubwa

Dukani walimwita Mama Vipimo, na jina hilo hakulikataa, maana lilikuwa lake kwa haki. Miaka kumi na tisa aliuza raba za michezo, na miaka yote hiyo hakumuuzia mtu kwa kusikia namba mdomoni mwake tu. Mteja akisema anavaa thelathini na tisa, Mama Vipimo alimjibu kwamba hiyo ni namba ya kiatu chake cha zamani, sasa tuuone mguu wa leo. Alimkalisha, akamvua soksi, akamsimamisha juu ya karatasi na kuuchora mguu kwa penseli. Halafu wa pili, kwa sababu hakuna binadamu mwenye miguu pacha. Alipenda watu waje alasiri, nyayo zikiwa zimeshavimba kwa kazi ya siku, kwani raba inayokaa vizuri asubuhi inaweza kukutoa machozi saa kumi. Mbele ya kidole kirefu ilibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Isipobaki, raba ilirudi rafuni, hata meneja asonye mpaka mate yamkauke. Vijana aliouza nao walikuwa na neno lao kwa raba zinazobana, "zitaachia," na neno hilo alilichukia kuliko matusi. Kinachoachia, aliwaambia, ni ukucha.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaingia kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, suruali imepigwa pasi ukali wa kukata nyanya. Huyu ndiye aliyemlea Mama Vipimo baba yao alipofariki, na mpaka leo akikohoa tu, ndugu zake wote hunyamaza. Alisema daktari amemshauri atembee kila siku, uzee huo, na anataka raba. Alizichagua mwenyewe, nyeupe zenye mistari ya buluu, namba arobaini na moja. Mama Vipimo akaleta karatasi yake. Kaka mtu akacheka, akasema amevaa arobaini na moja tangu siku ya harusi yake, na haiwezekani mdogo wake amvue soksi mbele za watu kama mtoto wa chekechea.

Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewahi kumtimua kocha wa mpira dukani kwa kuagiza raba za timu nzima bila kupima mguu hata mmoja, siku hiyo alifyata mkia. Aliikunja karatasi. Akabonyeza ncha ya raba kwa kidole, akahisi vidole vya kaka vimefika karibu mno, akamuuliza kama zinabana.

"Hazibani hata kidogo," kaka akasema, akatembea toka kaunta hadi mlangoni na kurudi, kifua mbele.

Zilikuwa raba za kwanza kuziuza bila karatasi, na aliziuza kwa mtu aliyempenda kuliko wote.

Wiki tatu baadaye mpwa wake, binti wa kaka huyo, akapiga simu. Shangazi, njoo, baba ana homa na mguu unatoa harufu. Mama Vipimo aliacha mteja na mguu mmoja peku, akakimbia. Mlangoni wifi yake alimpokea akitazama sakafu. Chumbani kaka amelala, mguu wa kulia juu ya mto, na nesi wa zahanati anafungua bendeji. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Ubavuni mwa unyayo palikuwa na kidonda kirefu, kimefuata mshono wa raba toka mwanzo hadi mwisho.

"Nani amemuuzia mtu wa sukari raba za kubana namna hii?" nesi akauliza, bila kumjua aliyesimama nyuma yake. "Huyo muuzaji hana macho?"

Mtu wa sukari! Mama Vipimo alishika ukingo wa kitanda. Hakuwa amesikia neno hilo katika nyumba ile hata siku moja. Kumbe ni mwaka wa nne. Wifi alijua. Mpwa alijua. Jirani wa ukuta mmoja, anayewaazima kipimo cha damu, alijua. Asiyejua ni yeye, dada wa tumbo moja, kwa sababu kaka alikataza asiambiwe, eti atamfanya mgonjwa kabla ya wakati. Na nesi akaeleza, kwa upole sasa, kwamba sukari ikikaa muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga msumari akaendelea na safari.

Hapo akapandwa na mori. Alimtoa wifi yake hadi uani na kumpa za uso, hakumbakizia. Wifi alilia, akasema aliapishwa. Aliapishwa! Mtu anaoza mguu na watu wanatunza kiapo.

"Mlijua mguu wake hausikii," Mama Vipimo akasema, "mkamwacha aje dukani nimuulize kama zinabana. Mlitaka anijibu nini?"

Hasira ikabaki inazunguka ndani yake, mara kwa wifi, mara kwa kaka aliyegeukia ukuta akijifanya amelala, na mwisho ikamrudia yeye mwenyewe. Maana sukari alifichwa, sawa. Lakini karatasi nani alimficha? Angemvua soksi ile Jumamosi, angeona ngozi iliyokauka na kucha zilizopotea rangi, na angeuliza. Amepima miguu ya wageni nusu ya mji, akaogopa kukoholewa na kaka yake.

Nesi alisema kidonda kisipoanza kupona kwa siku kumi, kidole kitakatwa, na kikichelewa kukatwa utafuata mguu. Kila jioni Mama Vipimo alitoka kazini akaenda kumwangalia. Alimwamkia kwa shikamoo kavu, kaka akaitikia marahaba ukutani, na hapo mazungumzo yakaisha. Dukani meneja alijaribu kumliwaza, akamwambia asijilaumu, mteja mwenyewe si alisema hazibani? Duka halina kosa. Liwazo hilo lilimchoma kuliko lawama ya nesi. Alimjibu kwamba ndivyo wanavyomsingizia mteja kila siku, wanamuuliza badala ya kumpima, kisha akiumia wanamkumbusha alichosema.

Siku ya kumi kidole kilikatwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alishukuru ameumbuliwa na kidole.

Jeraha lilipopona vizuri na nesi kuruhusu matembezi mafupi, Mama Vipimo alikwenda alasiri na maboksi matatu. Kaka alikuwa kitini sebuleni, shati limefungwa vifungo vyote, mkewe na binti yake pembeni. Alinyoosha mkono, akachukua boksi la kwanza, akasoma namba.

"Arobaini na tatu, pana. Hizi zitanifaa," akasema.

"Sikuulizi wewe, kaka."

Wifi alishusha kikombe. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo. Mama Vipimo alikuwa ameshapiga magoti, ametandika karatasi sakafuni, akamwambia avue soksi asimame. Kaka alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, kisha akainama na kuzivua mwenyewe, polepole, ya kushoto na ya kulia.

"Kweli, usiniulize," akasema. "Mguu huu siusikii. Tangu mwaka juzi siusikii."

Penseli ilizunguka kisigino, ikapanda ubavuni, ikafika pale pasipo na kitu, ikasimama.

"Maneno hayo ungeyasema siku ile dukani," Mama Vipimo akasema, bila kuinua kichwa, "leo ningekuwa nachora vidole kumi."