Kitanda cha Shangazi Nyambura

Juzi daktari wa Westlands alimwambia binti yangu asitandike kitanda akiamka tu, unyevu utoke kwanza, kifua kisibane. Hasira ikanipanda.

Shangazi Nyambura wa Muthangari ndiye alinilea. Chumba kilikuwa kimoja, wageni wa kanisa walikalia kitanda changu. Nikikojoa kitandani usiku, asubuhi alifoka, "Tandika haraka, wewe! Unataka waone aibu?"

Alasiri moja mama mmoja aliinuka, sketi imelowa, chumba kizima kikinuka mkojo na mafuta ya taa.

"Huyu mtoto amemwaga chai," Shangazi akacheka, akinionyesha kidole. Walipoondoka akanichapa.

Nilikohoa miaka mingi nikiamini Mungu ananiadhibu. Kumbe ni blanketi bichi la Nyambura!

Sasa kitanda changu hukaa wazi mpaka saa sita. Nyambura akija, asimame.