Tumbo Lisilolegea

Kwetu Nyakabanda mimi ndiye mtoto wa "kwa nini", na chuo kikuu kilinizidishia ugonjwa. Shangazi yangu, fundi cherehani anayeishi na pini mdomoni, husema siku ya maziko yangu nitamhoji mchimba kaburi.

Alasiri moja dada yangu, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa akimsaidia shangazi kushona pindo la mushanana, vazi la sherehe la bibi harusi. Ghafla akashika tumbo, akaruka kutoka kitini. Hakuruka kwa maumivu. Aliogopa kuchafua nguo ya mteja. Damu ilikuwa imeanza kumtoka.

"Kitambaa!" akapiga kelele shangazi. Alikiokoa kwanza, ndipo akamtazama mwenye damu. "Hii iko uchungu tu, sha. Na damu yenyewe kidogo. Anywe chai ya tangawizi, atembeetembee."

"Uchungu huja ukaondoka," nikasema. "Huu mbona hauondoki?"

"Wewe umezaa wangapi?"

Sijazaa hata mmoja. Nikaweka kiganja tumboni kwa dada, nikangoja lilegee. Halikulegea. Lilikuwa gumu kama meza ya kukatia nguo.

"Mtoto anacheza?"

"Tangu asubuhi amenuna," akajibu, midomo imemkauka.

Nikakumbuka kliniki walivyomwonya kuhusu shinikizo la damu. "Shangazi, kwa nini tungoje?"

Akafungua mdomo kunijibu. Zikaanguka pini tu. Nikaita ambulensi, nikamlaza dada kwa ubavu wa kushoto. Chai ilipofika nikainywa mwenyewe, maana anayeweza kupasuliwa halishwi wala hanyweshwi. Nilikunywa nikichungulia barabarani, nusu ikaishia kwenye blauzi.

Hospitalini daktari akatuambia kondo la nyuma limebanduka kwenye ukuta wa mji wa mimba kabla ya wakati wake.

"Lakini damu ilikuwa kidogo!" shangazi akalalamika, kama mteja aliyepunjwa.

"Hiyo ni uliyoiona wewe, mama. Nyingine imefungiwa ndani, nyuma ya kondo."

Wakamtundikia dripu, wakaagiza damu ya kumwongezea, wakamkimbiza chumba cha upasuaji kwa sababu mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Mlango ukafungwa. Nikanyamaza.

Shangazi akanishika mkono. "Uliza kitu basi," akanong'ona. "Usininyamazie hivyo."

Sikupata swali nililoweza kulivumilia jibu lake.

Mtoto alitolewa akiwa amelegea. Wakamsugua, wakampa hewa, akalia kwa hasira ya mtu aliyekatizwa usingizi. Dada alipozinduka aliuliza mtoto yuko wapi, kisha akauliza habari za kitambaa.

Siku hizi mteja mjamzito akija kupimwa nguo, shangazi haigusi futi kabla hajamwekea kiganja tumboni. "Linalegea?" huuliza katikati ya pini. "Anacheza? Damu je, hata tone?"

Juzi mmoja alimwuliza kwa nini fundi anataka kujua hayo yote.

"Maswali yote ya nini wewe?" akafoka shangazi. "Jibu!"