Malipo ya Ngamia Aliye Hai

Ijumaa ya pili ya Novemba, mvua ikiwa imetupita msimu wa tatu, tulimpoteza ngamia wa mwisho wa mama, jike mwekundu aliyetulea sote kwa maziwa yake. Alifia nje kidogo ya mji wetu wa Diff, amepiga magoti.

Wiki tano kabla, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Mama alikuwa amemkatia ngamia huyo bima ya mifugo, ile isiyo na riba, baada ya sheikh kusema ni halali. Wakala alitueleza kwamba satelaiti huangalia malisho kutoka juu. Yakikauka kupita kiasi, mwenye mifugo analipwa.

Nilimkuta mama akifukiza chombo cha maziwa kwa moshi.

“Hooyo, malipo ya ngamia yamefika.”

“Amekufa?”

“Hapana.”

“Basi yarudishe! Umeona wapi mtu akipokea mag ya mtu anayekula? Yule pale anacheua, na masikio anayo.”

Nilicheka. Mag ni fidia ya damu, na kwetu hulipwa kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Kwa mama, kugusa pesa hizo ilikuwa kumwitia ngamia wake kifo.

Ujumbe ulikuwa na mstari wa pili. Ulisema tununue lishe sasa, mifugo ikiwa bado na nguvu. Nilifika darasa la sita tu, lakini niliuelewa vizuri. Sikumsomea. Alikuwa amekasirika, nami sikutaka kubishana naye. Pesa nikaziacha kwenye simu, nikajiambia mvua itanyesha, inshallah.

Maziwa yalikatika kwanza. Kisha ngamia akawa hainuki mpaka tumsaidie. Koor yake, kengele ya mti ya shingoni, ikawa inalia mara moja moja, halafu ikanyamaza. Mpaka leo naisikiliza alfajiri kabla sijafungua macho. Chai ninayokunywa ina maziwa ya pakiti, haina harufu ya moshi.

Jumapili wakala alikuja kutupa pole.

“Eddo,” alimwambia mama, kama tunavyomwita shangazi, “pesa ile ilikuwa ya nyasi. Si ya mzoga.”

Mama alinigeukia. “Wewe ulijua?”

“Nilijua, hooyo. Iliandikwa.”

Nilingoja anitukane. Heri angenitukana. Aliuliza tu kama lori la nyasi kutoka Garissa bado linapita.

Lilipita Jumanne. Kwa pesa ile tulinunua marobota kwa ajili ya mbuzi waliobaki. Moja mama alilibeba mwenyewe mpaka pale jike alipokuwa akilala, akalifungua, akazitandaza nyasi kwa mikono, akaketi kando.

Mbuzi wa jirani akaja akaanza kuzila. Niliinuka nimfukuze.

“Mwache,” mama alisema.

Nikaketi.