Siku Shemeji Alipoifuata Kompyuta

Shemeji yangu alikuja hapa Mabawe kumnyang'anya mjukuu wangu kompyuta. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo babu." Badala ya kuitikia, akanigeukia mimi:

"Msichana mzima anabonyeza vidude, shamba limejaa majani! Kesho ashike jembe."

Mimi darasa la pili sikumaliza, lakini mjukuu alishanieleza kazi yake. Ndani kabisa ya kompyuta kuna saa za kuamsha kazi. Kazi ikifutwa, saa yake lazima izimwe. Isipozimwa italia tu, na kuharibu kitu kingine kilichokwisha kuwekwa pale kazi ile ilipokuwa. Yeye ndiye anayerekebisha saa hizo.

"Shemeji," nikamwambia, "nilikuagiza uje siku ya nne ufukue ndizi za pombe nilizozifukia shimoni ziive. Nikazitoa mapema, nikafukia shimo, nikapanda maharage juu yake. Nikasahau kukuambia. Ulifanya nini?"

Nikamjibia mwenyewe:

"Ulifukua mbegu zangu zote! Kusahau kulikuwa kwangu, lakini tuta jipya uliliona, ukalikanyaga kwa miguu yako. Huyu mtoto anazuia upumbavu kama huo ndani ya kompyuta, nawe unataka kumpa jembe? Toka kwangu."

Alitoka mikono mitupu.